Jogoo Kwapani, Mtindi Tumboni

Mke wangu Zamda aliondoka siku niliyohamisha kitanda mara ya tatu. Hakupiga kelele. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akapanda lori la Handeni, akashuka kwao Sindeni. Nami nikabaki katikati ya chumba nimeshika mguu wa kitanda, sielewi kosa langu ni lipi.

Maana kitanda sikukihamisha kwa wazimu. Bhupendra, mwenye duka pale Korogwe, aliniambia anayelaza kichwa kaskazini huamka na hasira. Nikakigeuza. Mama Efrazia, anayetuuzia uji kwenye kambi ya vibarua, akasema kichwa kikielekea mlangoni usingizi unatoka nje. Nikakigeuza tena. Rafiki yangu Yordani, ninayekata naye mkonge, akasema kisiguse ukuta kabisa. Watu wazima wote hao, wenye akili zao. Ningewadharau vipi?

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla. Nilivumilia mpaka kipande changu, ile kadi ya kibarua, kikajaa siku thelathini za kazi, nikamwomba Mwingereza wetu, bwana meneja, ruhusa ya kumfuata mke wangu. Kabla ya kuondoka nikawaomba ushauri wale wale. Cheka tu. Ungekuwa mimi ungemwuliza nani?

Bhupendra alininywesha mtindi wenye sukari, ndiyo baraka ya safari kwao, akaniusia nisieleze shida yangu mpaka niulizwe mara tatu. Mama Efrazia akanipa jogoo, akasema nisimwachie mtu mpaka nikabidhiwe mke. Yordani akasema nisikubali kuketi, kwa sababu mtu aliyeketi huambiwa asubiri. Kisha akajitolea kunisindikiza.

Basi nikasimama uani kwa baba mkwe, Mzee Semboja, jogoo kwapani, mtindi tumboni. Shikamoo niliitoa, sikuwa nimepotea kiasi hicho.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Nikabaki nimesimama.

"Mmefika salama?"

Moja, nikahesabu moyoni.

"Mbona unatoka jasho?"

Mbili.

"Huyo kuku, mwenzako ametuletea sisi?" Mzee alimwuliza Yordani, maana mimi alishaanza kunikatia tamaa. Nikambana jogoo kwa nguvu zaidi.

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Je, Bhupendra alikusudia maswali matatu, au swali moja lililorudiwa mara tatu? Na hili la tatu, ambalo sikuulizwa mimi, lilihesabika? Hakunifafanulia, yule bwana! Jogoo akanidonoa ubavuni. Mzee Semboja akamwuliza Yordani kwa Kizigua kama nimelogwa. Yordani akajibu kwamba hapana, nafuata utaratibu.

Zamda akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Nilifurahi kumwona. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kwa jogoo, wala hakucheka.

"Hiza," akasema taratibu, "baba hana neno na wewe. Mama naye hana neno. Mimi ndiye niliyeondoka, kwa hiyo nauliza mimi. Wewe unataka nirudi?"

Nilitaka. Wallahi nilitaka. Mwezi mzima nilikuwa napika ugali wa watu wawili, namwaga nusu. Jibu lilikuwa mdomoni, neno moja tu, mtoto mdogo angelisema. Lakini swali hilo hakuna aliyeniandaa nalo. Nikaogopa kulijibu vibaya, na kabla sijafungua kinywa nikamtazama Yordani. Kidogo tu.

Zamda akaona. Uso wake ukalegea, kama mtu aliyetua mzigo asioutaka tena. Alipozungumza hakuzungumza na mimi.

"Shemeji Yordani," akasema, "mrudishe mwenzako Korogwe."

Akageuka, akaingia jikoni. Nikampigia kelele kwamba nataka, nataka, mara tatu, mara nne, na Yordani akanishika mkono akaniambia nipunguze sauti.