Kesi ya Aliyevunja Kufuli la Ghala

Katika nchi ya Mitamboni hapakuwa na mkubwa aliyewahi kukosea. Daraja likianguka na watu, Waziri wa Njia alisimama mbele ya wafiwa akaeleza kwamba uzito ulikutana na udhaifu, mtambo ukafanya kazi yake. Kodi haikupandishwa na mtu. Ilipanda yenyewe, kama maziwa jikoni. Mfalme, ambaye tumbo lake liliingia Barazani kabla yake, alipenda kusema yeye ni gurudumu tu, kubwa kidogo kuliko mengine, nalo huzungushwa. Mwanzoni watu walimhurumia. Masikini, kumbe naye hana lake.

Elimu hii ilikuwa na wenyewe watatu. Mwanafalsafa alifundisha kwamba mtu ni saa iliyovishwa ngozi: hudhani anatembea, kumbe ametiwa ufunguo. Mkemia alifundisha kwamba vitu viwili vikikutana huzaliwa cha tatu, na hakuna wa kulaumiwa, kwani nani huilaani ndimu kwa kukata maziwa? Mchumi naye alifundisha kwamba bei ni kama maji, hujitafutia usawa wake, na anayeigusa anaharibu mtambo. Wote watatu walikula jikoni kwa Mfalme, na ajabu ni kwamba mtambo haukusahau sahani zao hata siku moja.

Bi Mwanaheri aliyasikia yote haya akiwa na mwiko mkononi. Mgahawa wake wa chai na vitumbua ulikuwa nyuma ya jumba la Baraza, na wapishi, matarishi na walinzi walimiminika pale kupoza koo na kumwaga ya ndani. Ukikosa kiti ulikalia ndoo. Ukikosa ndoo ulisimama mlangoni, lakini hukuondoka, maana habari ilikuwa bado moto. Alimjua waziri aliyepaka nywele piko na aliyelala chumba cha wageni kwa amri ya mkewe. Elimu ya mtambo aliicheka kama wenzake. Ilikuwa inakwenda vizuri na chai.

Kicheko kilikoma mwaka wa unga mweupe. Mvua ilikuwa imenyesha, mavuno yamekuja, ghala la Mfalme limejaa hadi panya wake wanatembea kwa kujivuta. Mchumi akashauri ghala lifungwe, bei ipate nafasi ya kujitafuta. Ikajitafuta, ikajikuta mawinguni. Hapo ndipo sokoni ulipoingia unga wa shemeji yake Mfalme, mweupe kupita kiasi, uliotiwa chokaa. Watoto wakaanza kushika matumbo. Mkemia alipoulizwa alisema chokaa imekutana na utumbo. Shemeji mtu hakutajwa. Alikuwa tu mahali ambapo vitu viwili vilikutana.

Shebe, mdogo wake Bi Mwanaheri, alikuwa mbeba magunia. Siku moja asubuhi alimzika binti yake, aliyekula unga ule. Mchana wa siku ileile alitoka makaburini moja kwa moja, akachukua nyundo, akavunja kufuli la ghala na kuwaita majirani waje na vikapu. Hakukimbia. Walinzi walimkuta anamtwisha bibi kizee gunia, akawaomba wangoje kwanza mama wa watu amalize kujifunga kata kichwani. Adhabu ya kosa lile ilikuwa kitanzi.

Bi Mwanaheri alifunga mgahawa, jambo ambalo mtaa ulikuwa haujaliona, akaenda Barazani na wateja wake wakamfuata nyuma. Waziri wa Sheria alikuwa anasoma mashtaka kwa sauti ya mtu aliyeshiba: kwamba Shebe, kwa hiari yake, kwa moyo wake mwovu, akijua fika analolitenda, alivunja. Shebe alipomwona dada yake alimwambia arudi nyumbani, wageni wanangoja chai.

Aliomba kusema. Mfalme aliruhusu, kwa sababu chakula chake kilikuwa bado hakijaiva.

"Mtukufu, mimi sikuja kupinga," alisema Bi Mwanaheri. "Nimekuja kuyatetea mafundisho ya Baraza lako." Akamgeukia Mwanafalsafa, aliyekwisha kutabasamu. "Mwalimu, mtu si saa?"

"Ni saa, mama."

"Na saa ikigonga, humnyonga nani?"

Watu nyuma wakaziba midomo kwa khanga. Mwanafalsafa akasema swali ni zuri, na kwa sababu ni zuri linahitaji muda. Bi Mwanaheri alikwisha kumfikia Mkemia.

"Baba, njaa ikikutana na nyundo, huzaliwa nini?"

Mkemia alitazama viatu vya Mfalme. Akasema hutegemea, mara nyingine hakizaliwi kitu, mpaka liwepo joto.

"Joto lilikuwepo," alisema Bi Mwanaheri. "Alikuwa ametoka kuzika."

Hapo hakuna aliyecheka. Mchumi hakungoja zamu yake. Aliulizwa kama unga uliotoka palipojaa ukaenda palipo patupu haukuwa ukijitafutia usawa, naye akakohoa, akasema maji ya wakubwa yana mabirika yake. Waziri wa Sheria akasimama kulalamika kwamba mwanamke huyu analeta umbea wa mgahawani mbele ya kiti cha enzi.

"Kweli, mheshimiwa," alijibu. "Mwingi kaniletea mpishi wako."

Mfalme hakuwa mjinga wakati wa mambo yaliyomhusu. Aliuona mtego. Shebe akiwa mtambo, itabidi aachiwe, na kesho hakuna kufuli litakalobaki zima. Shebe akiwa na hiari, basi shemeji naye anayo, na aliyemkabidhi shemeji soko anayo zaidi. Aliwaita wale watatu pembeni, wakanong'ona kama kuku walionyeshewa, huku harufu ya pilau ikiwahimiza. Mwishowe Mwanafalsafa akarudi na hukumu, uso unang'aa kama mtu aliyejifungua salama.

Imebainika, alisema, kwamba mtambo umewashika wakubwa peke yao, kwa sababu ya uzito wa vyeo vyao. Mkubwa hawezi kuchagua kitu. Mdogo hana kinachomshika, kwa hiyo yuko huru kabisa. Basi hiari yote ya Mitamboni iko kwa wadogo, nao watajibu kwayo. Mfalme akapiga muhuri. Mpiga mbiu akatumwa sokoni, na Shebe akapelekwa uani kwenye kitanzi.

Bi Mwanaheri alijua kwamba maneno yake ndiyo yaliyozaa hukumu ile. Wateja wake walimzunguka, na fundi viatu mmoja, mtu mzito wa kuelewa, akamwomba airudie hukumu. Akairudia bila kuitia chumvi, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Yaani wao wenyewe wamesema hawawezi kuamua kitu," fundi viatu alisema polepole. "Wa kuamua ni sisi."

"Na muhuri wamepiga," alisema Bi Mwanaheri.

Walielekea uani, na njiani soko likaungana nao, likiwa limetoka kumsikia mpiga mbiu.

Mfalme na wakubwa wake walikuwa roshanini. Mlinzi aliyepewa kamba, mnywaji wa chai wa kila siku, alisimama karibu na Shebe bila kuivuta. Akainua uso, akauliza kwa adabu zote.

"Mtukufu, samahani. Mimi ni mkubwa au mdogo?"

"Mdogo, mpumbavu wewe!" Mfalme alifoka.

"Ahsante," alisema mlinzi, akamvua Shebe kitanzi.

Walinzi wengine wakatazamana, wakaweka mikuki chini. Bi Mwanaheri akamkumbatia ndugu yake, na umati ukaanza kupanda ngazi, bila haraka, kama watu wanaokwenda kwao. Mfalme akawageukia wakubwa wake, akawaamuru waufunge mlango, wapige, wafanye chochote. Walimtazama kwa huzuni ya kweli. Wangependa sana, walisema, lakini hiari hawana.