Wawili kwa Kibali Kimoja

Siku ya kumaliza matanga, Vaileth alikalishwa kwenye mkeka mlangoni kwa marehemu mama yake, akafunikwa kaniki ya mama yake, na alipofunuliwa hakuwa Vaileth tena. Alikuwa Generoza. Ndivyo ukoo wao wa pale Zombo unavyofanya tangu zamani: mtu anazikwa, jina halizikwi. Anatafutwa mtoto wa kike wa tumbo lake, anapewa jina, kigoda, jembe na ugomvi wote wa marehemu, na kuanzia hapo anaamkiwa kama marehemu mwenyewe.

"Shikamoo mama," akasema Makarius, kaka yake, mwanaume mwenye mvi mpaka ndani ya masikio.

Vaileth alibanwa na kicheko. Huyu Makarius ndiye aliyekuwa akimpiga makonzi utotoni na kumnyang'anya firigisi mdomoni. Lakini watu walikuwa wanasubiri.

"Marahaba, mwanangu."

Katekista wa kanisa lao, aliyekuwa amekaa upande wa wanaume, aliinama kufunga kamba za viatu asije akaonekana ameona mambo hayo. Kamba zilimchukua muda mrefu sana, kwa mtu aliyevaa ndala.

Vaileth aliyachukulia yote kama mchezo wa kuwaridhisha wazee. Kichwani alikuwa na jambo jingine kabisa. Alikuwa ameishi Ujerumani miaka ishirini, mke wa bwana mmoja anayetengeneza lifti. Ndoa ilivunjika mwaka uliopita, bwana akaenda kuanza maisha na mwingine, akabaki yeye na binti yao Loveth, ambaye bado alikuwa shuleni. Kabla hajasafiri kuja kumuuguza mama, mwanasheria alimweleza polepole, kama anayemwelekeza mtoto njia ya dukani: talaka haikuondolei kibali cha kuishi huku, umeshakaa vya kutosha, kibali ni chako mwenyewe. Kinachokiua ni kukaa nje. Ukizidisha miezi sita bila kuomba ruhusa, kimekufa.

Na huko kibali kikifa hakuna mkeka wa kukirithishia.

Mara ya kwanza, baba yake alipougua, alikaa Zombo karibu miezi mitano, na aliporudi yule ofisa wa uwanja wa ndege alifunua pasipoti mbele na nyuma kama anayetafuta chawa. Safari hii mama alichukua muda wake kufa. Vaileth alimgeuza kitandani, akamlisha uji, akasahau kuomba ruhusa, na alipokumbuka mlango wa kuomba ulikuwa umeshafungwa. Zilibaki siku chache tu. Jumamosi ilikuwa ndege ya mwisho ya kumfikisha kabla ya miezi kutimia. Akiikosa, mwanaye atabaki kule peke yake, na yeye atakuwa mgeni wa kupiga foleni ubalozini na kueleza kwa nini anataka kumwona mtoto aliyemzaa.

Alimfuata Fortunatus, mdogo wa marehemu mama yake, mkubwa wa ukoo, akamkuta anachonga mpini.

"Mjomba, Jumamosi naondoka."

"Mjomba wako nani?" Fortunatus hakuinua uso. "Mimi ni mdogo wako. Na huondoki. Hulali nje ya nyumba ile mpaka tukupeleke kaburini na pombe ya mtama mpya, tumwambie apumzike."

"Mtama mpya uko wapi?"

"Shambani. Ndiyo kwanza unatoa mashuke. Mwezi na kitu hivi, ndege wakituhurumia."

"Na nikiondoka kabla?"

"Utakuwa umemwacha hana pa kukaa. Na wewe uliyekaa kwa watu unajua, mtu asiye na pa kukaa anamng'ang'ania mwenyeji wake."

Vaileth alirudi nyumbani akijisemea, kumbe hata wafu wana idara ya uhamiaji. Alicheka peke yake njiani. Kicheko kilipotoka kilikuwa kizito, cha kifuani, kikaishia kwenye kikohozi. Alisimama. Kile kilikuwa kicheko cha mama yake.

Kuanzia hapo akaanza kujichunguza kama mtu aliyeambiwa ana kunguni. Mbwa wa pale, aliyembwekea miezi yote kama anambwekea mkusanya ushuru, alinyamaza na kuja kulala miguuni pake. Kuku walimfuata chooni. Mguu wa kushoto ukaanza kumwuma gotini, palepale alipokuwa akiumwa mama, naye akaanza kuuvuta. Vidole vyake vikanuka ugoro, na ugoro hajaugusa maisha yake yote. Asubuhi moja alizinduka yuko uani na fagio mkononi, uwanja wote umeshafagiliwa, na hakumbuki kuamka.

Siku iliyofuata alipanda bodaboda kwenda Mikumi, ambako mtandao haukatikikatiki, ili athibitishe tiketi. Alipomaliza akapita barabarani, malori ya Zambia yakinguruma, kumsalimia Bibi Hildegarda muuza vitunguu, rafiki wa mama yake tangu ujana. Bibi huyu alikuwa kwa mwanaye Ifakara msiba ulipotokea, na macho yake yalikuwa na ukungu.

"Shikamoo bibi."

"Bibi yako nani, Generoza? Umeanza utani asubuhi yote hii?"

"Mimi ni Vaileth, bibi. Mama ametutoka. Tumeshamzika."

Bibi Hildegarda alimshika mkono, akaupapasa kwa muda, akamnusa vidole.

"Mbona juzi ulikaa hapohapo ulipo? Ukala kitunguu changu kibichi na chumvi, hukulipa, kama kawaida yako. Ukaniaga. Nikakuuliza, unakwenda wapi na mguu huo? Ukasema unasafiri mbali, umeshampata wa kukushikia nyumba."

Vaileth alinunua vitunguu asivyovihitaji, akarudi Zombo ameshika mgongo wa dereva kwa mikono miwili.

Ijumaa asubuhi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama, mzigo umefungwa, hajui atampitaje Fortunatus. Angeondoka kwa wizi, ukoo wote ungemfuata mpaka stesheni. Ndipo maneno ya yule mzee yakamrudia: mimi ni mdogo wako. Akayarudia polepole. Kama yeye ni Generoza, basi ni dada mkubwa. Na katika ukoo ule hakuna mwanaume, awe na mvi kiasi gani, anayebishana na dada yake mkubwa akiwa kwenye kigoda chake. Akatabasamu. Akavuta pumzi, akaita kwa sauti iliyofika mpaka nyumba ya tatu.

"Fortunatus! Wewe Fortunatus! Njoo hapa!"

Mzee alikuja na shoka mkononi. Alipomwona alivyokaa, shoka akaliweka chini.

"Naam, dada."

"Namtuma mwanangu Vaileth Ujerumani. Kesho. Mimi nabaki hapa nasubiri mtama wenu. Una neno?"

Kwa jinsi Fortunatus alivyomtazama, ilionekana anajua amenaswa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe. "Dada, mila inasema..."

"Mila inasema nini?" Na hapo Vaileth alikuwa amemaliza maneno aliyoyapanga. Lakini mdomo haukufunga. "Mila ilisema uibe kuku wa katekista Kwaresima, ukamlie mtoni, nikapigwa mimi? Nani alikufichia manyoya? Tangu azaliwe mjukuu wangu namwona kwenye simu tu, kama picha ya kalenda, leo unanizuia kwa mtama?"

Mzee alikaa chini palepale. Kisa cha yule kuku hakuna aliyekijua zaidi ya watu wawili, na mmoja alikuwa kaburini.

"Nisamehe, dada," alinong'ona. "Aende. Ila niambie mbele ya mlango huu, maana nitaulizwa. Nani anakwenda na nani anabaki?"

"Vaileth anakwenda. Generoza anabaki."

Alipomaliza kusema hivyo alisikia mtu akicheka. Hakucheka Fortunatus, na uani hapakuwa na mwingine.

Jumamosi Makarius aliwasha pikipiki alfajiri kumpeleka Kilosa kuwahi treni ya umeme. Vaileth alifunga mlango wa nyumba kwa kufuli, akamkabidhi Fortunatus ufunguo, akapanda nyuma. Kuku wote wakatoka bandani, wakaanza kuifuata pikipiki.

"Hawa wana nini?" Makarius akawapigia honi.

Hapo ndipo sauti ilipotoka ndani ya nyumba iliyofungwa, sauti nyembamba ya mwanamke aliyeshtuka usingizini: "Kaka! Kaka, nisubiri! Umenisahau!"

Vaileth aliijua sauti ile. Ilikuwa yake. Alitaka kupiga kelele, simamisha, mimi huyo niko ndani, lakini kinywa kilichofunguka kilisema kwa utulivu, "Kuku hao, mwanangu. Twende, tutachelewa."

Makarius alitazama nyuma mara moja. Kisha akaongeza mwendo mpaka Kilosa. Alipomshusha hakumwambia kwaheri dada. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Safari njema, mama," akaondoka macho yamelowa.

Kwenye ukaguzi dada wa tiketi alichukua pasipoti. "Jina lako, mama?"

Vaileth alilitafuta jina lake kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Alijua lipo. Alijua linaanza vipi. Lilikuwa mbali, lilikuwa Zombo, linagonga mlango kwa ndani.

"Si umelisoma hapo?" kinywa kikajibu. "Au wamekuweka hapo kwa ajili ya uzuri?"

Dada alicheka, akalinganisha picha na uso. Picha ilikuwa ileile, kibali kilikuwa hai, tarehe zilikuwa zinatosha. "Pita, mama. Pole na mguu."

Treni iliteleza bila kelele. Milima ya Kilosa ikaanza kurudi nyuma, na Vaileth akaitazama kutoka mahali pembamba sana, kama anayechungulia kwenye ufa wa mlango. Alijua kesho yule ofisa atafunua pasipoti mbele na nyuma asione kosa, na atagonga muhuri. Haki yake ilikuwa imeokoka.

Simu ikaita. Ilikuwa Loveth.

"Mama! Umepanda? Niambie umepanda."

Vaileth alikusanya nguvu zote zilizobaki ili amwambie mwanaye neno moja tu. Ufa ukazibwa.

"Usipige kelele, mjukuu wangu," ilisema sauti nzito ya kifuani, ikakohoa kidogo. "Mama yako amebaki nyumbani. Nakuja mimi."