Kopo la Wifi

Mkaguzi aliingia kwenye duka la mgawo bila hodi, na mpimaji akashtuka hata unga ukamwagika mezani. Aliukusanya kwa kiganja, wote, mpaka chembe ya mwisho.

Aliyeshika kopo la kupimia kabla yake alichukuliwa mwezi wa pili wa vita, kwa upungufu wa unga usiojaa hata sahani. Mkewe bado huulizia, haambiwi kitu.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi: chota, sawazisha kwa kijiti, mimina. Lakini kila mwenye kupima unga anajua kwamba ukiligonga kopo mezani mara mbili, unga hushuka, na juu hupatikana nafasi ya kiganja kizima. Mpimaji aligonga. Aligonga kwa wenye watoto, kwa wagonjwa, kwa yule fundi cherehani aliyebaki mifupa na ulimi tu. Mwishowe akawa anamgongea kila mtu, maana huruma nayo ukishaizoea haina breki.

Kila mtu isipokuwa wifi yake. Dada huyo wa mumewe alizunguka mtaa mzima akitangaza kuwa kaka yake yuko vitani na huku mkewe ananenepa dukani. Kunenepa! Mtu ambaye sketi yake inashikwa na pini mbili! Basi wifi akawa anapimiwa kwa kijiti, kavukavu, siku zote.

"Gunia hutoa makopo themanini," mkaguzi alisema. Hakupaza sauti. "Lako linatoa sabini na tatu. Hayo saba yanakwenda wapi?"

Foleni ikaacha kusogea. Mpimaji alisema labda ni panya, na mwenyewe akajua neno hilo halina mashiko. Mkaguzi akageuka, akamwonyeshea kidole mwanamke aliyekuwa mlangoni akifunga mfuko wake, akamwambia arudi aumimine unga kwenye kopo. Alikuwa wifi.

Unga ukaingia. Ukafika ukingoni, ukaishia hapo hapo, haukuzidi hata chembe. Mpimaji akashusha pumzi. Kisha akayaona macho ya wifi, na hofu ikamrudia mara mbili.

Kwani wifi hakuwa mjinga. Alilitazama kopo, akaitazama foleni, watu wote wameinamisha nyuso kama waliofumaniwa. Alikuwa anajumlisha. Miezi saba ya kijiti, wanawe wawili, na kati ya mtaa mzima ni yeye peke yake asiyezidishiwa.

"Wenzako nao hupimiwa hivi?" mkaguzi alimuuliza.

Mpimaji alitaka kusema, wifi yangu, nisamehe, lakini mkaguzi alikuwa hapo hapo. Neno moja tu la wifi, na yeye angekwenda alikokwenda mwenzake.

"Hivi hivi," wifi alisema. "Huyu ana roho ngumu. Hata mimi wifi yake hanipi hata vumbi."

Mkaguzi hakuonyesha kama ameamini. Alivuta kiti, akakaa kando ya meza, akasema foleni iendelee, na kuanzia leo atakuwa hapo kila siku.

Wifi akaurudisha unga wake mfukoni, akapangusa kwa kidole uliobaki ndani ya kopo, akatoka bila kumtazama mtu.

Aliyefuata alikuwa mama wa watoto wanne. Mpimaji akachota, akasawazisha kwa kijiti, akamimina. Yule mama hakuufunga mfuko. Aliendelea kuushika wazi, akingoja kile kiganja cha siku zote.