Raundi ya Tatu ya Boga na Ngano

…kwa hiyo ngoma droo, raundi ya kwanza kachukua Boga, ya pili kachukua Ngano, sasa mashine ya mchezo wa mapigano inapumua kidogo kabla ya raundi ya tatu, taa zinapepesa, na mzee Kuwabara, huyo ndiye Boga, miaka sitini na mmoja, mstaafu wa kiwanda cha gololi cha hapahapa Sakai, anafuta kiganja kwenye suruali na kiganja hakikauki, anafuta tena, hakikauki, tulia mzee, tulia, ni mchezo tu wa sarafu ya yen mia… mchezo tu, nani kasema mchezo tu, ng'ambo ya mashine hii ameketi mwanawe wa pekee, Chinami, na hajui anapigana na nani, miezi minane sasa, kila Jumatano saa nane mchana, hajui, maana mashine hizi zimepangwa zikipeana mgongo na ni ndefu kuliko mtu aliyekaa, mpinzani wako humwoni, unaona jina alilojipa juu ya kioo, Ngano, na unaona mkono wake katika mapigo, basi, labda uiname chini ukijifanya umeangusha kitu, kama Kuwabara anavyoinama kila wiki, ndipo unaona viatu, vyeupe vya mpira, vina unga kwenye mishono kwa sababu akitoka zamu ya kuoka mikate haendi kwanza kwake, anakuja huku, viatu vya mwanangu, jamani, mtu mzima nainama kuangalia viatu, na miaka mitatu sauti yake sijaisikia hata kwenye simu, mama yake humpigia, mimi hunipitia kama fanicha, "Chinami anasalimia," husema Sumie, na wote wawili tunajua hajasalimia.

"Mzee Boga, chai yako," anasema Dobashi, yule mama anayeangalia ukumbi wa michezo, anaweka kopo kando ya kioo na kuinama karibu, "mbona umepauka hivyo? Unaumwa?" "Siumwi." "Daftari umelisoma?" na Kuwabara anaitikia kwa kichwa, asingelisoma vipi na Dobashi mwenyewe ndiye aliyemshika mkono pale mlangoni, njoo uone, hii ni yako, lile daftari la wachezaji lililofungwa kwa uzi karibu na mashine ya kuchenji hela, watu huandikiana humo matusi na pongezi na ushauri, na leo kwenye ukurasa mpya, mwandiko uleule wa Chinami uliokuwa ukiandika jina kwenye sanduku lake la chakula cha shule, Kwa Boga wa Jumatano, raundi ya tatu huwa unaniachia, ulidhani sioni? Ukibakiza pigo moja mkono wako unakufa ghafla. Usinifanye mtoto. Leo ukiniachia tena mimi hapa sirudi, Ngano. Usinifanye mtoto, kaandika hivyo, hamjui anayemwandikia na kaandika hivyo, na Kuwabara alisoma mara tatu amesimama pale na kofia mkononi kama mtu aliyeitwa polisi. "Basi leo pigana naye," Dobashi ananong'ona, "mpige tu, mzee wangu, si ndicho anachotaka," ah, mpige tu, rahisi kusema, wewe una watoto wanne wanakula kwako kila Jumapili, mimi nina dakika arobaini kwa wiki, nikimshinda je, akinyanyuka kwa hasira, akizunguka huku kutazama ni nani huyu Boga, anione, aone sura hii, ndiyo imekwisha, hizo dakika arobaini zimekwisha, na nikimwachia pia zimekwisha, kaandika mwenyewe, sirudi, na kukimbia katikati ya raundi ndiyo fedheha ya mwisho, bora umtemee mtu mate kuliko kumwachia mashine tupu, kwa hiyo hakuna mlango, hakuna hata dirisha… RAUNDI YA MWISHO! inapiga kelele mashine, PIGANENI!

Sitini. Hesabu imeanza kushuka, hamsini na tisa, hamsini na nane, na Ngano anakuja kama anavyokuja siku zote, kwa pupa, na mtu wake Tatsu, yule mzima-moto wa zamani mwenye ngazi ya mianzi, anaruka kutoka juu na mguu mbele, kinga, kinga tena, Kuwabara anarudisha mpini wa mashine nyuma na mtu wake, Bibi Iso, anajifunika kwa kapu lake la samaki, Bibi Iso muuza samaki, wote humcheka kwa kumchagua huyo, mchezo una mabingwa kumi na wanane wenye vifua na panga na wewe unamchukua bibi kizee na aproni, Boga kweli boga, wacha wacheke, hawajui, aproni ile kaichora mwanangu, si bibi, bibi kamchora mwingine, aproni tu, na kila Bibi Iso anaporusha teke aproni hupepea na kurudi, michoro kumi na miwili kwa teke moja, jioni ile alileta karatasi nyumbani, miaka minne iliyopita, akazipanga juu ya meza kati ya bakuli za wali, "Baba, tazama, hapa kitambaa kinachelewa, mguu umeshafika lakini kitambaa bado hakijui, umeona? Ndiyo siri, kitambaa lazima kichelewe," na macho yake yalivyokuwa, sijawahi kuyaona hivyo kabla wala baada, nikasema nini mimi, nilisema vizuri, kula wali unapoa… ala! ngazi imempata, ngazi ya tumbo, mstari wa uhai wa Bibi Iso umekatika robo nzima, amka mzee, hamsini na moja, Kuwabara anarudisha teke la chini, linapata, teke, kapu, kapu, linapata, vidole vyake vinakwenda vyenyewe sasa, miezi minane ya kuamka na kuja hapa asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, Dobashi akideki sakafu na kumwelekeza na mpini wa deki mkononi, "siyo hivyo mzee, shuka kwanza ndiyo upige," na Sumie nyumbani akitikisa kichwa, "Baba Chinami, mtu mzima unakwenda kupigana na mtoto kwenye mashine badala ya kumwambia nisamehe," ndiyo, Sumie, ndiyo, lakini neno hilo likifika hapa kooni linageuka mfupa.

Kwa sababu nisamehe kwa lipi, aanzie wapi, arobaini na nne, kinga, aanzie na simu? alimpigia simu rafiki yake wa shule, aliyekuwa mkubwa fulani katika kampuni inayotengeneza mchezo huu, akampigia mara nne, binti yangu anachora, ameleta michoro yake kwenu, mwangalie mwangalie, na wiki mbili baadaye Chinami akaja akiruka ngazi, "Wamenichukua! Baba, wamenichukua!" na Kuwabara akajifanya kushangaa, akanunua sashimi, samaki mbichi wa bei mbaya, akala na kunywa na kujipongeza kimoyomoyo, mwaka mzima alijipongeza, hadi ile karamu ya ofisi ya kufunga mwaka, rafiki keshalewa, mkono begani kwa msichana, "Kumbe ndiwe binti wa Kuwabara! Baba yako hachoki, mara nne kanipigia!" na Chinami akarudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa stesheni tatu za treni, akasimama pale mlangoni hajavua hata viatu, "Baba, michoro yangu waliiona kabla hujapiga simu au baada ya kupiga?" na yeye, mpumbavu, akiwa na gazeti mkononi, "Kuna tofauti gani, si umepata?" kuna tofauti gani… kinga we mzee! ngazi imempita sikioni, Bibi Iso anayumba, aproni inachelewa, inarudi, "Sasa sitajua kamwe," alisema Chinami, hakupaza sauti, angepaza ingekuwa afadhali, "umenielewa, Baba? Sitajua kamwe kama nilikuwa naweza," na kesho yake akaacha kazi, na keshokutwa akahama, na kalamu za kuchora zikabaki kwenye droo chumbani kwake, Kuwabara huzichonga. Penseli ambazo hazichori. Huzichonga tu zikiwa tayari zimechongwa, hadi zimekuwa fupi.

Thelathini na sita, na sasa twende, mwili wake unajua njia, teke la chini, kapu, anaruka juu ya ngazi, anashuka na kisigino, kinapata, kinapata! mstari wa Ngano umebaki kipande kidogo kama kucha, pigo moja, imefika ile hali, uhai wa Bibi Iso ni theluthi na wa Tatsu ni pigo moja, na papo hapo, kama kila Jumatano, mkono wa Kuwabara unaanza kufa, anauona unakufa, vidole vinalegea vyenyewe juu ya vitufe, si yeye anayeamuru, au ni yeye, nani mwingine basi, na ngazi inampata, na tena, uhai wake unashuka, thelathini, kumbe ndivyo anavyoonekana kutoka upande ule, kumbe inaonekana wazi hivi, na ghafla yuko sebuleni kwenye mikeka, wanashindana mieleka ya sumo, Chinami ana miaka saba na kaptula ya baba yake imefungwa kiunoni kwa mkanda, anasukuma kwa kichwa, mmh! mmh! na Kuwabara anajiangusha chali kwa kishindo, oo, nimeshindwa, bingwa mkuu huyu! na mtoto hacheki, mtoto anasimama pale na midomo inatetemeka, "Baba, umeanguka mwenyewe," na analia, analia hadi anapata kwikwi, na Sumie anatoka jikoni, umemfanya nini mtoto, sijamfanya kitu, nimemwachia ashinde, hakuna nilichomfanya… ishirini na saba. Umeanguka mwenyewe. Miaka saba alikuwa, na keshajua, na mimi nina sitini na mmoja, nikaanguka mwenyewe sebuleni, nikaanguka mwenyewe kwenye simu mara nne, nikaja hapa nikaanguka mwenyewe miezi minane, Jumatano baada ya Jumatano, nikijiambia nampa mtoto raha kidogo baada ya kazi, raha gani, ya nani, mwongo wewe, ulimwachia ili arudi, ulimwachia kwa ajili yako, na hata kule nyuma, sema basi, sema ukweli hapa hakuna anayekusikia, ulipiga simu kwa sababu uliogopa atashindwa? au uliogopa ataweza, ataweza peke yake, na asikuhitaji tena kwa lolote, sema… na chai iko pale na Kuwabara hawezi kuigusa, macho yanamwuma, ishirini na nne, uhai wa Bibi Iso sasa nao umebaki kama kucha, pigo moja kwa pigo moja, na Tatsu amesimama ng'ambo ya kioo, hasogei, ameteremsha ngazi yake chini, kifua wazi.

Anasubiri. Anamtazama huyu Boga atafanya nini, mkono utakufa au hautakufa, ishirini na tatu, na kifua kiko wazi kabisa, hata Dobashi na deki lake angekipata kifua hicho, piga sasa, nikipiga atashindwa, ashindwe basi! ashindwe kweli kwa mara moja na mtu aliyemshinda kweli, azunguke, anione, anichukie akiwa ananiangalia usoni, bora hivyo, bora hivyo kuliko viatu, anajua hivyo sasa na hofu haijapungua hata chembe, na vidole havitaki, anavilazimisha, kimoja kimoja, kama anavyolazimisha mlango uliovimba kwa mvua, shuka kwanza ndiyo upige, anashuka, na anapiga, kwa nguvu zake zote, meno yamekazana, anampiga mwanawe kwa kila alichojifunza asubuhi zote zile, teke la Bibi Iso linatoka na aproni nyuma yake ikichelewa… na linagonga mianzi. Limekingwa. Ngazi imenyanyuka kwa wakati wake hasa, wala si mapema wala si kwa kubahatisha, kifua kile kilikuwa chambo, na Kuwabara aliingia mzimamzima, alipiga kweli, hakubakiza kitu, na Chinami kaweza, kaweza! hakusaidiwa na mtu, na kitu kinapasuka kifuani mwa mzee, kinauma, kinauma vibaya sana na hataki kiache kuuma, na hapo juu ya makelele ya ukumbi wote, juu ya ngoma na ving'ora vya mashine hamsini, anaisikia sauti kutoka ng'ambo, kavu kidogo, imekua kidogo, ni ileile, "Ee! Kumbe unaweza!" na kitufe kinagongwa kwa furaha, "haya, njoo tena! Njoo, unaogopa nini?" na ni ishirini na moja, na pigo moja kwa pigo moja, na machozi yamemjaa hata kioo hakioni vizuri, na Kuwabara anashika mpini, anakwenda.