Maua Anayotumiwa Mwana

Watu wa mtaa walishazoea kumwona Fundi amelala kifudifudi bustanini kwake, simu mkononi, mtandio umemteleza. Miaka aliyoshona nguo za watu ilimwachia magoti mabovu na jicho kali, na jicho hilo sasa alikuwa amelihamishia kwenye maua. Hakupiga picha mpaka jua lichungulie nyuma ya petali, mishipa yake ionekane kama nyuzi kwenye hariri.

"Leo umedondosha sindano?" jirani yake, mkunga mstaafu, alimchokoza kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Nyamaza, shoga, utanifukuzia nyuki wangu."

Picha zote zilikwenda kwa mwanawe wa pekee, aliyehamia nchi ya mbali kutafuta maisha. Kupiga simu hakupiga, kazi zilimbana, lakini kila picha aliijibu: "Nzuri sana, mama." Fundi aliishi kwa maneno hayo.

"Hivi huyo anazitazama kweli?" Mkunga aliuliza siku moja. "Au anabonyeza tu?"

"Una lako jambo wewe! Mwanangu ana jicho langu."

Alijibu kwa kelele, lakini usiku ule aliyapitia tena majibu yote ya mwanawe, moja moja.

Asubuhi moja alikuta mwaridi mkubwa wa mlangoni umelala chini. Marehemu mumewe aliupanda siku mwana wao alipoanza shule, na mtoto ndiye aliyeushika mche wima baba yake akishindilia udongo. Mchwa walikuwa wamemaliza mizizi kimyakimya. Fundi aliketi palepale akalia mpaka akachoka. Kisha akapiga picha moja: shina limekatika, maua yamejaa udongo. Hakungoja mwanga. Hakuandika neno, mtu aliyelelewa nyumba ile angehitaji kuambiwa nini tena?

Jibu lilikuja upesi.

"Nzuri sana, mama."

Alivua miwani, akaifuta, akalisoma tena.

"Jamani, mwaridi!" Mkunga alikuwa amefika ukutani, safari hii bila utani. "Mwanao umemwambia? Amesemaje?"

Fundi aliifunika simu kwa kiganja.

"Kasikitika, shoga. Kasikitika mno. Ikabidi nimbembeleze mimi."