Uzi wa Tluway

Daktari wa meno aliniomba nimtazame yeye, nisilitazame sanduku lililokuwa mezani. Nikalitazama hivyo hivyo. Mifupa ilikuwa imegandamana na udongo mwekundu wa msituni Ngorongoro, na nilichofikiria ni kwamba mume wangu hakupenda uchafu.

Alipotea 1982. Tluway alikuwa fundi cherehani hapa Karatu. Alibeba shuka alizozipinda mwenyewe akauze Endulen, akasindikizana na rafiki yake Tajewo, Mmasai wa hukohuko, na hakurudi. Masika yakaja, yakapita, yakaja tena, ndipo warina asali wakakuta mifupa. Polisi wakamkamata Tajewo, kwa kuwa ndiye aliyeonekana naye mwisho.

Nyumbani kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Josephati, mdogo wake Tluway, alilichimba kwa mikono yake pembeni mwa shamba la kahawa.

"Shemeji, sema tu ni yeye," aliniambia mlangoni. "Tumzike, na wewe upumzike."

Sikumchukia kwa hilo. Nami nilikuwa nimechoka. Kila mbwa alipobweka nilidhani ni yeye anakuja. Nililitamani lile kaburi kama mtu aliyetembea siku nzima anavyotamani kigoda.

"Mama, mumeo alifanya kazi gani?" daktari akauliza.

"Fundi cherehani."

"Uzi alikuwa akiukata kwa kitu gani?"

Mkasi alikuwa nao, unaning'inia kwenye cherehani mbele ya macho yake, na nilimgombeza mpaka nikachoka. Aliinama juu ya nguo, akauma uzi, akaendelea kukanyaga pedali. Miaka ya kuuma uzi ilimwachia mkato mdogo kwenye jino la mbele, la juu. Akicheka, wote waliuona. Mimi niliujua hata gizani.

Nilielewa vizuri alichokuwa anatafuta. Nikisema mkasi, mkato hautatafutwa; jioni ile nitakuwa mjane, nyumba itajaa watu, na Tajewo huenda akanyongwa.

"Kwa meno," nikasema. "Jino lake hili hapa lilikuwa limelika."

Akalifuta jino la lile fuvu kwa pamba, polepole, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Ncha yake ilikuwa imenyooka, nzima kabisa.

"Huyu hakuwahi kuuma uzi namna hiyo," akasema. "Si mumeo. Pole sana, mama."

Nililia palepale, mbele ya polisi. Josephati, aliyenisindikiza, alidhani nalia kwa furaha.

Tajewo aliachiwa. Alikuja mara moja, akasimama uani, akaniambia waliachana njiani karibu na Endulen, Tluway mzima, anapiga mluzi. Zaidi ya hapo hakujua. Josephati alilifukia shimo na hakunisemesha tena hadi alipofariki. Nami nikabaki hivyo, si mjane, si mke wa mtu. Kwenye jumuiya hawajui waniweke wapi, nami sijui.

Mifupa ilizikwa makaburi ya parokia, msalaba bila jina. Kila Novemba, siku ya marehemu, watu hupalilia makaburi ya ndugu zao na kuwasha mishumaa. Mimi sina la kupalilia, basi hupalilia lile.

Mwaka mmoja Verediana, mgeni kutoka Moshi aliyehamia jirani na kwangu, alinyoosha mgongo akaniuliza, "Dada, huyu ni nani wako?"

"Si wangu," nikamjibu, nikaendelea kung'oa majani. "Wenyewe bado wanamngoja."