Programu Inaanzia Wapi

Haimavati alikuwa hajamaliza kuvua viatu mlangoni mumewe alipomuuliza.

"Haima, hivi programu hii inaanzia mstari gani?"

Tangu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya ubao kule mtaa wa Ameerpet, juu ya duka la miwani, akifundisha kiunzi cha lugha ya kompyuta ya Java, mfumo ulio tayari wa kujengea tovuti. Kundi la asubuhi, kundi la mchana, kundi la jioni. Sura zilibadilika, maswali yalikuwa yaleyale. Mbona kivinjari kinasema ukurasa haupo? Mbona seva haiwaki? Alishafika mahali ambapo mtu akifungua tu mdomo, jibu linamtoka lenyewe, hata yeye halisikii.

"Baba Sahiti, niache nikae kwanza."

Chalapati, mumewe, alimwacha akae, kisha akauliza tena.

Hakuwa mjinga. Tangu kabla hawajaoana alikuwa akiandika programu za benki kwa lugha ya zamani, programu ndefu zinazoanza juu na kushuka mstari kwa mstari, mpaka benki iliponunua mitambo mipya na kuwaaga wazee wote kwa keki. Sasa alishinda sebuleni na kompyuta ya binti yao Sahiti, akijifunza Java, akitafuta hiyo juu iko wapi.

"Hayo ndiyo ninayojibu kutwa nzima," Haimavati alisema. "Ukitaka kujibiwa, njoo darasani kama wenzako."

Yalikuwa maneno ya uchovu tu. Lakini Jumatatu aliingia darasani akamkuta amekaa safu ya pili, shati limenyooshwa vizuri, kati ya vijana wa rika la binti yake.

"Habari za asubuhi, madam," alisema Chalapati, pamoja na wengine.

Hakuna aliyewaambia vijana kwamba ni mke na mume. Tangu hapo walikuja kwa treni moja ya metro, yeye behewa la wanawake, mumewe behewa la nyuma, na ngazi walipanda mmoja mmoja. Vijana walimwita anko. Haimavati, kwa kuogopa kuonekana ana upendeleo, alimkemea kuliko alivyowakemea wote.

Asubuhi moja alikuwa amefundisha kwamba kiunzi kinatazama ndani ya folda yake kuu tu. Ukiliweka faili lako nje, hakilioni. Chalapati akainua mkono.

"Madam, kipande hiki cha programu nimekiandika mimi, lakini sioni popote kinapoitwa. Nani anakiita?"

"Kiunzi chenyewe. Mtu akifungua ukurasa, kiunzi kinatafuta kipande kinachohusika, kinakiita. Wewe unaandika tu, halafu unasubiri."

"Nisubiri kuitwa?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo nimeizoea, madam. Nimeomba kazi kila mahali, nasubiri kuitwa."

Darasa likacheka. Kijana mmoja, Tarun, akadakia, "Anko, wewe umewekwa nje ya folda! Hawakuoni!"

Vicheko vikazidi. Chalapati mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Haimavati hakucheka. Miguu ilikuwa inamuuma, na makundi mawili yalikuwa bado yanamsubiri.

"Mzee, hapa si mahali pa masihara. Kama somo limekushinda, usiwapotezee wenzako muda."

Tarun akainamia daftari lake.

"Samahani, madam," alisema Chalapati, akaangalia chini.

Kesho yake hakwenda. Nyumbani alipika dengu na wali, akaosha vyombo, akauliza kama achari ya embe ipelekwe mezani. Swali la Java hakuuliza tena. Haimavati alikuwa ameutamani utulivu huo kwa miezi, na sasa alijilaza ndani yake asipumzike hata kidogo.

Jumapili mchana akavuta kiti, akakaa kando ya mumewe.

"Umefika wapi?"

"Sijafika."

Ukurasa haukupatikana. Haimavati alishaliona kosa, jibu lilikuwa mdomoni, lakini akalimeza.

"Zile programu zako za benki, nani alikuwa anaziwasha?"

"Mtambo. Ratiba ikifika, unaziwasha."

"Na wewe?"

"Mimi niko nyumbani nimelala." Akaitazama kompyuta. "Kumbe hata kule sikuwa naziita mimi."

"Hata kule."

Chalapati alilisogeza faili lake, lililokuwa nje, ndani ya folda kuu mwenyewe, bila kuambiwa. Ukurasa ukafunguka, na salamu ya Kitelugu ikatokea, herufi kubwa mno.

"Rudi darasani," Haimavati alisema. "Nitawaambia wewe ni nani."

"Hapana. Uchovu wako naujua, Haima, naishi nao. Lakini pale, uliponikemea, sikukutambua."

Haimavati alimshika kiwiko tu, naye hakukiondoa.

Kazi ya kuandika programu Chalapati hakuipata. Kabla ya sikukuu ya mavuno ya Sankranti kampuni ndogo ya mtaa wa Kukatpally ilimchukua kukagua programu za wengine, kutafuta zinapoharibika, akaifanya kwa subira kama aliyezaliwa nayo. Haimavati aliendelea na makundi yake matatu. Maswali hayakubadilika, na uchovu haukuisha. Ila msichana mmoja wa kundi jipya alipomuuliza programu inaanzia mstari gani, Haimavati aliweka chaki mezani na kumuuliza, "Kabla ya hapa ulikuwa unafanya kazi gani, binti?" Akasubiri ajibu.